Je, wajua kwa nini bingwa wa kikapu Ulaya hupatikana kwa siku tatu tu?

Tarehe 21 Mei 2023, Kaunas, Lithuania. Ubao unasoma Olympiacos 78, Real Madrid 77, na saa inakimbilia sifuri. Sergio Llull wa Real Madrid, mkongwe wa miaka 35, ana mpira. Mbele yake kasimama Moustapha Fall, Mfaransa wa mita 2.18, mikono juu. Llull anaurusha mpira juu ya vidole vile, unapaa sana, unashuka, unazama. Zimebaki sekunde tatu. Kostas Sloukas wa Olympiacos anapata nafasi ya mwisho, mpira unakataa. Real Madrid mabingwa, 79 kwa 78.

Olympiacos, klabu ya Ugiriki, walikuwa wamemaliza kileleni mwa msimamo wa EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za kikapu Ulaya, baada ya mechi 34 zilizoanza Oktoba. Miezi yote hiyo ikayeyuka kwa mtupo mmoja. Kwa aliyezoea NBA, ligi ya Marekani, ambako fainali ni hadi mtu ashinde mechi nne kati ya saba, jambo hili linaonekana kama dhuluma. Huko ukipoteza leo, keshokutwa unarudi uwanjani. Ulaya timu nne zilizobaki hukutanishwa katika mji mmoja: nusu fainali mbili Ijumaa, fainali Jumapili, basi. Wikiendi hiyo huitwa Final Four.

Na usidhani yaliyowapata Olympiacos ni bahati mbaya ya mara moja. Kuanzia 2021 hadi 2025, hakuna kinara wa msimamo hata mmoja aliyebeba kombe. Barcelona waliongoza 2021 na 2022, wakatoka kapa. Olympiacos 2023, kisha tena 2025. Wa tano nitamfikia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua timu nzuri, inayoweza kumshinda mpinzani yeyote mara sita katika mechi kumi. Ili ibebe kombe inabidi ishinde Ijumaa na Jumapili: asilimia 60 ya asilimia 60, yaani 36. Timu bora kuliko zote, na bado ina uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi nyumbani mikono mitupu! Ipeleke timu hiyohiyo kwenye mechi saba, na nafasi yake ya kuvuka kila hatua inapanda hadi asilimia 71 hivi. Ya kuvuka hatua zote mbili inakuwa kama nusu. Mechi nyingi humlinda mwenye nguvu. Mechi moja humpa mnyonge mlango.

Sasa kwa nini Wazungu hawa wakubali kamari ya namna hii?

Sababu ya kwanza ni kalenda, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Klabu ya Ulaya ina mabwana wawili. Real Madrid wanacheza EuroLeague katikati ya wiki, wikiendi wanadaiwa na ligi ya Hispania. Panathinaikos wana ligi ya Ugiriki, Fenerbahçe ya Uturuki. Wakitoka Final Four mwezi Mei, na kombe au bila kombe, wanarudi moja kwa moja kwenye mchujo wa ligi za nyumbani unaofika Juni. Hapo kati utaziweka wapi mechi saba za nusu fainali na saba za fainali? Timu ya NBA haina ligi nyingine ya kuidai. Hata hivyo EuroLeague haijaziacha kabisa mechi za mfululizo: robo fainali huchezwa hadi mtu ashinde tatu kati ya tano. Ukifika wikiendi ya mwisho ndipo huruma inaisha.

Ya pili ni mazoea. Mashindano haya ya klabu yalianza 1958, na tangu 1968 hadi 1987 fainali ilikuwa mechi moja, kama ilivyo kwa soka la Ulaya. Mtindo wa timu nne ulijaribiwa 1966 na 1967, ukawekwa kabatini miaka ishirini, ukatolewa tena 1988 huko Ghent, Ubelgiji. Milano waliwafunga Maccabi Tel Aviv 90 kwa 84.

Mara moja tu walijaribu kuwaiga Wamarekani. Mwaka 2001, baada ya klabu kugombana na FIBA, shirikisho la kikapu duniani, na kuanzisha EuroLeague yao, fainali ilichezwa kwa mechi tano. Virtus Bologna waliwashinda Tau Cerámica 3 kwa 2, mfululizo uliokwenda hadi mechi ya mwisho kabisa. Ungesema jaribio limefaulu. Mwaka uliofuata Final Four ikarudi, tena Bologna kwenyewe, na Virtus wakafungwa fainali na Panathinaikos mbele ya watu wao.

Kuna na pesa, bila shaka. Mji mwenyeji hupokea mashabiki wa timu nne kwa mpigo, mahoteli yanajaa, na televisheni inajua tarehe ya fainali mapema kabisa. Ndiyo maana 2025 wikiendi hiyo ilipelekwa Abu Dhabi, na wenzetu wanaofanya kazi Ghuba wakaweza kwenda kuitazama bila kutafuta viza ya Ulaya. Fenerbahçe waliwafunga Monaco 81 kwa 70. Waliowahi kukaa BK Arena pale Kigali kwenye fainali za Ligi ya Kikapu Afrika wanaijua hali hiyo: mechi moja, pumzi moja.

Nirudi kwa Sloukas. Kiangazi kilekile cha 2023, yule aliyekosa mtupo wa mwisho alihama Olympiacos akaenda Panathinaikos, mahasimu wao wa kufa na kupona. Fikiria mtu kutoka Simba kwenda Yanga, kisha ongeza pilipili. Mei 2024 akawa fainali tena, Berlin, na Real Madrid walewale. Panathinaikos walishinda 95 kwa 80, Sloukas akachaguliwa mchezaji bora wa wikiendi. Na msimu huo kileleni mwa msimamo walikuwa wamemaliza Real Madrid.