Nge husikia kwa nyayo

Nge wangu alikuwa na tabia moja iliyonisumbua. Nikimpa mende saa mbili usiku, anakaa magando wazi, anageuka huku, anageuka kule, mende anajipitia zake. Nikimpa saa nne, mende haponi.

Nilimtoa upande wa Magadi, kibali kikiwa mfukoni. Nilimpata kwa tochi ya zambarau, aina ileile ambayo wakala wa M-Pesa hukagulia noti bandia: ukimmulika nge kwa taa hiyo, mwili wote unang'aa kijani cha kubuluu, isipokuwa ametoka tu kujivua ganda na jipya halijakakamaa. Hapa Kayole, Nairobi, anaishi kwenye karai la mjengo lenye mchanga wa Machakos, na kigae kimoja cha kujifichia.

Wiki nzima nilibadilisha mende, nikabadilisha maji, nikalaumu joto. Kumbe shida ilikuwa chini ya miguu yetu sote wawili. Ghorofa ya chini kuna kinu cha unga, na hufungwa saa tatu. Mimi mtetemo wake niliacha kuusikia zamani. Nge hawezi kuuacha. Nilipoweka kipande cha godoro chini ya karai, jioni iliyofuata alikamata mende saa moja na nusu, kinu kikiendelea kuvuma. Karai moja na nge mmoja si utafiti, najua. Lakini linaeleza mnyama huyu vizuri kuliko mihadhara yangu mingi.

Swali ninaloulizwa kila mara ni kama nge anaona gizani kama paka. Macho anayo, tena mengi: mawili juu ya kichwa na mengine madogo pembeni, jozi mbili hadi tano kutegemea aina. Lakini zaidi yanajua mwanga na kivuli. Windo analipata kwa miguu.

Aliyelithibitisha hilo ni mtafiti Philip Brownell, kwa nge wa mchangani wa jangwa la Mojave, Marekani, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1977. Wengi walidhani mchanga humeza mitetemo. Brownell alionyesha kuwa unaipitisha, tena polepole: wimbi linalotambaa juu ya mchanga huenda kama mita 50 kwa sekunde. Upole huo ndio faida ya nge. Miguu yake minane imetandazwa kama duara la upana wa sentimita 5 hivi, kwa hiyo wimbi huchukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde kutoka mguu wa kwanza kulifikia hadi wa mwisho. Karibu na kiungo cha chini cha kila mguu kuna vipasuo vidogo kwenye ganda, ambavyo hubanwa wimbi likipita. Mguu uliobanwa kwanza ndio ulioelekea mende. Brownell aliweka miguu ya upande mmoja kwenye mchanga wake na ya upande wa pili kwenye mchanga mwingine, akaitikisa michanga hiyo kwa kupishana. Nge aligeukia upande uliotikiswa kwanza, hata pengo likiwa sehemu mbili tu za elfu kumi za sekunde.

Ukitaka kuliona, funika tochi kwa karatasi nyekundu ya nailoni, maana nge karibu haoni mwanga mwekundu. Kisha kwaruza mchanga kwa ncha ya unyasi, umbali wa shubiri hivi kutoka kwake. Kwanza anaganda. Magando yanafunguka na kusogea mbele. Kimya. Ukikwaruza tena, anageuka kwa mkupuo mmoja, anapiga hatua chache, anasimama, anangoja. Anakungoja wewe ukosee mara ya tatu. Mende anayejua kutulia hapa huokoka, ila mende hajui kutulia. Ndani ya sentimita 15 nge anajua upande na umbali pia. Ukizidi hapo anajua upande tu.

Nondo, je, asiyekanyaga mchanga? Kwa huyo kuna vinyweleo virefu vyembamba kwenye mikono yenye magando, kila kimoja kimesimama ndani ya kikombe chake, na upepo wa bawa unatosha kukilaza. Nimeona nge akimdaka nondo hewani. (Sisi wa kuainisha tunavihesabu vinyweleo hivyohivyo kujua nge ni wa ukoo gani, kwa mpangilio wa mtaalamu wa nge wa Ufaransa, Max Vachon, wa 1974. Kazi ya kuumiza macho.) Chini ya tumbo ana vitana viwili vinavyopapasa ardhi na kuionja.

Sasa mkia. Watu huutazama huo tu, ilhali kazi ya kukamata ni ya magando. Sumu ni ghali kuitengeneza, na nge ni bahili. Mwenye magando manene huponda. Nge mkubwa mweusi wa Afrika Magharibi, *Pandinus imperator*, hudunga akiwa mdogo, akikomaa ni nadra. Mwenye mikono myembamba na mkia mnene, kama wangu, hutegemea mwiba zaidi, na huyo ndiye wa kuogopwa. Hata hivyo humshika mende kwanza, anampima, na mende akitulia hamdungi. Akifurukuta, mkia unapita juu ya kichwa, taratibu kuliko unavyodhani, unatafuta mahali laini kati ya maganda.

Kula ndiko kunakochosha kutazama. Hana meno ya kumeza vipande. Anasaga kwa vijigando vya mdomoni, anamwaga maji ya kuyeyusha nyama, anafyonza uji. Jana alianza saa mbili, nikaenda kulala saa tano akiwa bado kwenye kifua. Asubuhi nilikuta kidonge cha maganda kama punje ya dengu na bawa moja. Yeye yuko chini ya kigae, na nadhani hatanihitaji kwa wiki mbili tatu.