Breki ya mkono iliyolegea: tatizo huanzia gurudumuni

Dereva akisema hendibreki yake imelegea, ana maana kwamba ameivuta mpaka mwisho na gari bado linaserereka. Kwenye tambarare za Soroti unaweza kukaa na ugonjwa huo muda mrefu usiujue. Njoo nao Kampala, uegeshe kwenye mteremko wa Muyenga, ndipo utaelewa kwa nini utingo fulani hakosi kabari ya mbao chini ya kiti.

Breki hii haitegemei mafuta ya breki. Ukivuta mkono, waya wa chuma unaopita chini ya gari huvuta viatu vya breki (vipande vya kusugua) kwenye magurudumu ya nyuma, navyo hupanuka na kubana drami, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Gari lenye diski nyuma mara nyingi huwa na drami ndogo iliyojificha katikati ya diski. Mengine waya huvuta kalipa yenyewe, yaani kibanio cha diski. (Malori makubwa unayoyaona kwenye foleni ya Malaba ni habari nyingine: yao hushikwa na springi, na upepo wa kompresa ndio unaoiachia.)

Ile "ka-ka-ka" unayoisikia ukivuta mkono ni meno. Magari mengi madogo hushika kati ya jino la 5 na la 9. Idadi kamili imo kwenye kitabu cha gari. Mkono ukipanda zaidi ya hapo, kuna nafasi imezidi mahali fulani.

Mafundi wa haraka hawaulizi ni wapi. Wanafungua kifuniko kando ya kiti, wanakaza nati ya waya, dakika tano, "tayari bosi". Siku hiyo breki inashika kweli. Lakini kama viatu ndivyo vilivyolika, waya uliokazwa unaviacha vimepanuka kidogo hata mkono ukiwa chini. Kirekebishi cha ndani ya drami, kinachosogeza viatu vinapolika, hakifanyi kazi tena sawasawa, drami inachemka, gari linakuwa zito na kunywa petroli. Mimi gari langu lilitoka gereji hivyo. Nililijua kwa harufu.

Kwa hiyo anza kwa kuulegeza waya. Tia kabari magurudumu ya mbele, inua nyuma kwa jeki, weka stendi, kisha ondoa drami. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo. Ukikuta unyevu, silinda ya gurudumu au sili ya ekseli inavuja: ziba uvujaji kwanza, kisha badilisha viatu pande zote mbili, maana kiatu kilicholowa mafuta hakioshwi kikapona. Kama viatu ni vizima, rudisha drami, zungusha kigurudumu cha meno cha kurekebishia mpaka viatu viguse, halafu kirudishe kidogo gurudumu lizunguke bila kukwaruza. Kanyaga breki ya mguu mara kadhaa, uhakikishe bado linazunguka huru.

Sasa ndipo ukaze waya. Vuta mkono jino moja moja huku mwenzako akizungusha magurudumu: yote mawili yaanze kuwa mazito pamoja. Upande mmoja ukichelewa, huenda waya wake umekwama kwa kutu ndani ya ganda, na huo ni wa kubadilishwa.

Kutu hiyo huwapata zaidi wenye gari la otomatiki, wanaoweka P (nafasi ya gia ya kuegeshea) wakashuka bila kuvuta mkono, waya ukakaa bila kusogea. P ni kipande kidogo tu cha chuma ndani ya giyaboksi. Mlimani, shika breki ya mguu, vuta mkono, liachie gari likae juu ya breki hiyo, kisha ndipo uweke P.