Mjusi wa mjini anapochagua pa kutaga

Mijusi wengi wakishataga huondoka, basi. Hawaatamii wala hawalishi watoto. Ukiacha chakula kilichomo ndani ya yai lenyewe, msaada mkubwa ambao mama humpa mtoto wake ni mahali anapoliacha yai hilo. Litakaa hapo wiki sita hadi kumi, kutegemea aina ya mjusi na joto, na halina uwezo wa kujisogeza jua likizidi au maji yakijaa. Tatizo la mjini ni hili: mama huamua kwa hali anayoikuta siku ya kutaga, lakini kiwanja, bustani au ukuta unaweza kubadilishwa kabla mayai hayajaanguliwa.

Mahitaji ya yai yanategemea ganda lake. Mjusi kafiri, yule anayewinda wadudu karibu na taa, kwa kawaida hutaga mayai mawili kwa mkupuo. Hutoka yakiwa laini, kisha ganda hukauka na kuwa gumu kama chokaa. Ganda hilo huzuia maji kupotea, kwa hiyo mama anaweza kuyaweka pakavu kabisa: kwenye ufa wa ukuta, nyuma ya fremu ya dirisha, ndani ya kisanduku cha mita, chini ya bati la paa lenye kivuli. Anachohitaji ni upenyo mwembamba ambao paka au panya hawezi kuingia, na joto lisilopanda na kushuka ghafla. Ukuta mnene wa zege ni mzuri kwa hilo, kwani hupata joto polepole mchana na kulitoa polepole usiku. Majike kadhaa hutumia ufa uleule, na pengine utakuta maganda matupu ya zamani yamechanganyika na mayai mapya. Inaelekea maganda hayo ni ishara kwa mama mgeni kwamba hapa watoto walitoka salama.

Mijusi wanaochimba udongo wana kazi nzito zaidi. Ganda la mayai yao ni laini mithili ya ngozi, na hunyonya maji kutoka kwenye udongo. Yai zuri linaweza kuongezeka uzito maradufu kabla ya kuanguliwa. Udongo ukikauka, yai hubonyea na kiinitete, yaani mtoto anayekua ndani yake, hufa. Udongo ukijaa maji, hewa haipiti na kiinitete hukosa pumzi. Agama, yule mjusi anayeinua na kushusha kichwa juu ya mawe na kuta, huchimba kwa makucha na pua shimo la kina cha sentimita 5 hivi. Hupenda udongo wa kichanga wenye unyevu, unaopata jua na kufunikwa na nyasi kidogo, na mara nyingi huacha humo mayai 5 hadi 7. Jike huweza kuanza shimo, akaliacha na kuanza jingine. Ni kawaida: anapima udongo.

Joto lina uzito wa pekee kwa sababu huamua mengi zaidi ya uhai. Mwaka 1966 Madeleine Charnier, akifanya utafiti Dakar, Senegal, aligundua kuwa mayai ya agama yaliyokaa kwenye nyuzi 26 hadi 27 za Selsiasi yalitoa karibu majike matupu, na yale ya nyuzi 29 yakatoa madume. Tofauti ya nyuzi mbili tu! Sasa fikiria udongo ulio kando ya lami, usio na mti wala nyasi, ukilinganishwa na ule ulio mita chache tu kutoka hapo, chini ya kivuli. Nchini Marekani, Joshua Hall na Daniel Warner wa Chuo Kikuu cha Auburn walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kuyapasha mayai ya anoli wa kahawia, aina ya mjusi mdogo, hadi nyuzi 43 kwa vipindi vifupi, wakiiga joto la udongo wa mjini. Vifo vya viinitete viliongezeka. Kwa hiyo wastani mzuri wa joto hautoshi. Saa chache za mchana mkali zinaweza kuharibu kazi ya wiki nzima. Kuchimba chini zaidi husaidia, maana kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyotulia, lakini ardhi iliyoshindiliwa na magari au miguu ya watu haichimbiki.

Ndiyo maana chungu cha maua huvutia sana. Udongo wake ni tifutifu, humwagiliwa na una kivuli cha majani. Ila udongo ni mchache, na jua huupiga pia kutoka ubavuni, hasa chungu kikiwa cheusi. Mwenye nyumba akisafiri, hukauka kwa siku chache. Akirudi na kumwaga maji kupita kiasi, mayai huzama. Weka chungu hicho mahali penye jua la asubuhi tu, kiwe na tundu la kutoa maji, na umwagilie kidogo kidogo.

Katika bustani, acha walau kipande kimoja cha udongo bila saruji, na bila karatasi ya plastiki chini ya kokoto, kwani plastiki humzuia mjusi kuchimba hata kama juu panaonekana sawa. Tandaza majani makavu, na kagua sisimizi, ambao huingia kwenye mayai yanapopasuka.

Ukifukua mayai kwa bahati mbaya, usiyageuze: kiinitete hujishikiza ndani ya ganda, na kulipindua yai kunaweza kukiua. Tia alama ya penseli upande wa juu, yafunike papo hapo kwa udongo uleule, kina kilekile. Kama lazima uyahamishe, tafuta udongo wenye unyevu ambao ukiubana mkononi hushikana bila kutoa tone la maji. Yaliyogandamana na ukuta usiyabandue, yatavunjika. Ahirisha kupaka rangi sehemu hiyo hadi yaanguliwe. Kisha nawa mikono kwa sabuni, kwani mijusi na mayai yao huweza kubeba bakteria wa salmonela.