Tovuti ya bei za mahindi ilivyopata kasi

Mahindi yakianza kumiminika Kibaigwa, watu wanaofungua tovuti ya bei za mazao ninayoihudumia hapa Dodoma huongezeka ghafla. Msimu uliopita ukurasa wa bei ulichukua hadi sekunde 9. Mkulima amesimama juani na magunia yake, bando linateketea, dalali anamtajia bei anayoitaka yeye: huyo ndiye niliyekuwa nikimwaza.

Mwenye tovuti akaniambia, “Fundi, tulipie kanzidata kubwa zaidi tumalize.” Kanzidata ndiyo ghala la data ambamo tovuti huchota bei. Nikamwomba siku moja ya kupima.

Nilianza na daftari la maswali mazito la MySQL, programu inayoendesha kanzidata yetu; “swali” ni ombi la data ambalo tovuti hulituma kwa kanzidata. Kwa kawaida huwa limezimwa, na hata ukiliwasha huandika tu swali linalozidi sekunde 10, kwa hiyo nilishusha kiwango hadi nusu sekunde. Likanasa swali moja, la bei za juma zima, lililokuwa likipekua jedwali lote mstari kwa mstari. Faharasa ya soko na tarehe, yaani orodha inayoielekeza kanzidata moja kwa moja kwenye mistari inayotakiwa, ikalimaliza.

Ukurasa bado ulijikokota, na daftari tupu! Hapo ndipo nilipotazama ramani. Tovuti tulishaihamishia kwenye seva za Cape Town, kanzidata ikabaki kwenye seva za Ireland. Mwanga ndani ya nyaya za faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi umbali huo hula zaidi ya milisekunde 100, na hakuna pesa inayopunguza hilo. Ukurasa wetu ulikuwa na maswali 40, kila moja likingoja jibu la lililotangulia. Sekunde 4 zinaishia njiani.

Tukaileta kanzidata ikae kituo kimoja na tovuti. Baada ya hapo ndipo nikakubali kuikuza, kutoka kumbukumbu ya GB 1 hadi GB 4, maana data ya msimu haikuenea kwenye kumbukumbu hiyo ndogo na seva ilirudi kusoma diskini, ambako ni polepole zaidi, kila mara. Tena mpango ule wa bei nafuu wa GB 1 hutoa nguvu ya prosesa kwa akiba: seva ikitulia akiba hujaa, ikifanya kazi nyingi hupungua. Akiba ikiisha saa za soko, seva hupunguzwa kasi, nawe utaapa kwamba tatizo ni mtandao.

Kubadili ukubwa huizima kanzidata kwa muda. Nilichukua nakala rudufu, nikaijaribu kwa kuirejesha kwenye seva nyingine (wengi huiruka hatua hii, nami naiogopa kuliko zote), kisha nikaanza kazi saa nane usiku. Asubuhi, malori yakijipanga sokoni, ukurasa ulifunguka kwa sekunde moja na nusu kwenye simu ya bei ya chini.