Mlango wa kibaraza cha vioo hautolewi kimyakimya

England wengi huamini kwamba kibaraza cha vioo kilichoungwa nyuma ya nyumba hakihusiani na kanuni za ujenzi, hivyo kuondoa mlango unaokitenga na sebule ni hiari ya mwenye nyumba. Mwanzo wa imani hiyo ni kweli: kibaraza kilicho usawa wa ardhi, kisichofika mita za mraba 30, kwa kawaida husamehewa. Ila msamaha wenyewe unategemea ule mlango! Sharti ni kwamba kitengwe na nyumba kwa kuta, milango au madirisha yenye ubora ule ule wa zile za nje ya nyumba, na kipashajoto chake kijitegemee. Ukiung'oa, sebule na kibaraza vinakuwa chumba kimoja, na usiku wa Januari joto lote linapandia kwenye vioo vya paa huku matone yakitiririka ndani.

Kwa hiyo iarifu ofisi ya udhibiti wa ujenzi kabla ya kubomoa, ukiwa na hesabu za upotevu wa joto. Ukipanua uwazi, mkaguzi ataitazama na linta, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya uwazi. Kibali cha mipango miji ni suala jingine kabisa. Aliyekwisha kubomoa bado anaweza kuiomba halmashauri cheti cha kurasimisha kazi, nami namsihi asingoje hadi siku ya kuuza nyumba, wakili wa mnunuzi akiulizie cheti hicho.