Neno "mchana" halitoshi kwenye mkataba wa kazi

Dada mmoja anayeuza vitambaa Kariakoo alinijia na vitu viwili: mkataba wa ukurasa mmoja na nusu, na daftari la shule lililochakaa pembe. Kwenye mkataba, kuhusu muda wa kazi, palikuwa na sentensi moja tu: "Mfanyakazi atafanya kazi saa za mchana na atapata stahiki zote kwa mujibu wa sheria." Daftari nalo lilikuwa limejaa mistari kama hii, kwa kalamu ya bluu: "J3, ing. 1:30, tok. 1:15. J4, ing. 1:30, tok. 1:15, mzigo umekuja."

Nimekuwa naandika na kusoma mikataba ya ajira hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na sentensi ile nimekutana nayo kwa sura nyingi. Wengine huandika "kutwa nzima", wengine "kuanzia asubuhi hadi kazi itakapokwisha". Mwajiri anadhani ameshamaliza. Ukweli ni kwamba hajasema kitu.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, iliyotungwa mwaka 2004, inahesabu usiku kuanzia saa 2:00 usiku hadi saa 12:00 asubuhi. Maana yake ukiandika "mchana" peke yake, umeandika neno lenye saa 14 ndani yake. Lakini sheria hiyohiyo inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku, zisizidi 45 kwa wiki, na siku za kazi zisizidi 6. Katikati ya zile 14 na hizi 9 ndipo mfanyakazi anapopotelea.

Hapo kuna kosa linalorudiwa hata na maofisa utumishi wenye uzoefu. Wanachukua saa 9, wanazidisha kwa siku 6, wanapata 54, wanaridhika. Hapana. Vikomo vyote vitatu vinasimama kwa pamoja. Wiki ikifika saa 45, saa ya 46 ni ya ziada hata kama siku hiyo mtu amefanya kazi saa nne tu.

Turudi kwa yule dada. Anafika saa 1:30 asubuhi kufagia na kutundika vitenge kabla ya wateja. Anatoka saa 1:15 jioni, baada ya kuhesabu mauzo na kuteremsha mlango. Nikamuuliza chakula anakula saa ngapi. Akasema, "Nakula hapohapo kaunta, kaka. Mteja akija nafunika sahani." Wali wake hufunikwa mara tatu au nne kabla haujaisha.

Sheria inampa mapumziko ya angalau dakika 60 akifanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5. Mwajiri halazimiki kuyalipia mapumziko hayo, isipokuwa kama mfanyakazi anatakiwa kufanya kazi au kubaki tayari kwa kazi. Anayefunika sahani kumhudumia mteja hajapumzika. Kwa hiyo siku yake ni saa 11 na dakika 45 kamili, mara siku sita: saa 70 na nusu kwa wiki. Toa 45. Zinabaki saa 25 na nusu za ziada kila wiki, yaani 102 kwa wiki nne. Kikomo cha saa za ziada ni 50 kwa kila wiki nne, tena kwa makubaliano. Hata angekubali mwenyewe kwa mkono wake, mkataba hauwezi kuruhusu kinachokatazwa na sheria.

Sasa fedha. Tufanye mshahara wake wa msingi ni shilingi 390,000 kwa mwezi. Ili kupata malipo ya saa moja, unagawa mshahara wa msingi kwa 4.333 (wastani wa wiki katika mwezi) mara idadi ya saa za kawaida kwa wiki. 4.333 mara 45 ni kama 195, kwa hiyo saa moja ni shilingi 2,000. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu: 3,000. Saa 102 ni shilingi 306,000. Nilipomwandikia namba hiyo pembeni ya daftari lake alinyamaza muda mrefu.

Mwajiri naye, nilipokutana naye, nilimwonyesha namba ileile kwa upande wake. Ukilipa kihalali, gharama ya ziada inakaribia mshahara wa mtu wa pili. Basi ajiri huyo mtu wa pili, mmoja afungue duka, mwingine afunge, wapishane siku ya nusu kutwa. Duka linabaki wazi muda uleule.

Jambo jingine ni saa yenyewe. Mikataba mingi hapa hunakiliwa kutoka ya Kiingereza kisha kutafsiriwa haraka haraka. Nimeshika kwa mikono yangu mkataba ulioandika "saa 8:00 hadi saa 5:00". Kwa Mswahili saa nane ni baada ya adhuhuri, na saa tano inayofuata ni usiku. Mbele ya mwamuzi mstari huo unaweza kusomwa kama kazi ya usiku, inayodai nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Andika saa kama tunavyoitaja, na uweke asubuhi, mchana au jioni pembeni yake.

Mimi huandika hivi: "Mfanyakazi ataanza kazi saa 2:00 asubuhi na kumaliza saa 11:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, akiwa na mapumziko kuanzia saa 7:00 hadi saa 8:00 mchana, ambapo hatatakiwa kuwa kazini. Jumamosi ataanza saa 2:00 asubuhi na kumaliza saa 7:00 mchana. Siku ya mapumziko ni Jumapili." Hesabu mwenyewe: 40 na 5. Hakuna saa inayoning'inia.

Kuitaja siku ya mapumziko kuna faida yake, kwa sababu kazi ya siku hiyo hulipwa mara mbili kwa saa. Sikukuu za umma ni vivyo hivyo. Saba Saba na Nane Nane maduka mengi ya mjini hufunguliwa, na wengi hulipwa kama siku ya kawaida.

Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena lazima pawe na saa 12 mfululizo. Siku ya kuhesabu mzigo, ukimtoa mtu saa 3:00 usiku, kesho asiingie kabla ya saa 3:00 asubuhi. Ukiwa unaishi Chanika, pembezoni mwa jiji, na unategemea daladala utaelewa kwa nini nalishikilia hili. Hizo saa 12 si za usingizi zote. Foleni inachukua zake.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Mama anayenyonyesha anastahili muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Zitaje kwa namba, maana "stahiki zote kwa mujibu wa sheria" haimsaidii mtu asiye na kitabu cha sheria nyumbani. Tenganisha pia mshahara wa msingi na posho ya nyumba au nauli. Na kile kipengele cha "mshahara huu unajumuisha ovataimu zote" kifutwe. Sikipendi, na sijawahi kukiona kikimtendea mtu haki.

Mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba au maelezo ya ajira ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa humwangukia yeye. Hata hivyo mfanyakazi asikae akisubiri. Madai ya malipo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro uibuke. Yule dada alikuja siku ya 52. Tulikaa hadi giza linaingia tukijaza fomu, yeye akinisomea daftari mstari kwa mstari, nami naandika.