San Diego Sockers: timu iliyozika ligi zake

Vijana ninaowafundisha futsal, soka ya ukumbini ya watu watano kila upande, wamezoea kunisikia nikiitaja San Diego, mji wa California ulio karibu na mpaka wa Meksiko. Nina sababu. Kati ya 1982 na 1992, San Diego Sockers walitwaa ubingwa wa soka ya ndani mara 10 katika misimu 11. Ule mmoja uliowaponyoka, wa 1986-87, ulikwenda Dallas.

Mchezo wenyewe si futsal. Unachezwa juu ya nyasi bandia zilizotandikwa kwenye uwanja wa hoki ya barafu, na uwanja wote umezungushiwa ukuta. Mpira ukigonga ukuta haujatoka, mchezo unaendelea. Kila upande una watu sita pamoja na kipa, robo ni nne za dakika 15, na wachezaji wanaingia na kutoka bila mwamuzi kusimamisha mchezo. Anayecheza rafu mbaya anakaa nje dakika mbili, wenzake wakipambana pungufu. Unakimbia kwa nguvu zote dakika moja au mbili, kisha unampisha mwenzako.

Hapo ndipo kocha Ron Newman, Mwingereza aliyeichukua timu 1980, alipowazidi wengine. Mapafu yanaweza kupumzishwa kwenye benchi, mguso wa mpira haukopeshwi. Kazimierz Deyna, nahodha wa Poland iliyoshika nafasi ya tatu Kombe la Dunia 1974, alifika San Diego 1981 akiwa na miaka 33. Kwenye uwanja mkubwa wangemwona anaelekea ukingoni. Ndani ya kuta alikuwa na yote yaliyohitajika: jicho, pasi, na utulivu wa kugongeana na ukuta kana kwamba ni mchezaji mwenzake. Alifariki 1989 kwa ajali ya gari mjini humo humo, na mpaka leo nikiitazama michezo yake naumia.

Steve Zungul ana kisa kingine. Alitoroka Yugoslavia 1978, na klabu yake, Hajduk Split, ikakataa kumwachia. Bila kibali hakuweza kucheza soka ya kawaida, ila ligi ya ndani, MISL, haikuwa chini ya FIFA. Akaanzia New York Arrows, akawa mfungaji wa kutisha kuliko wote, kisha akaja Sockers. Langoni, miaka ya mwisho ya enzi hiyo, alisimama Victor Nogueira, mzaliwa wa Msumbiji. Kipa wa mchezo huu ndiye anayeanzisha mashambulizi, maana akitupa mpira mara moja tu umeshafika lango la pili.

Sasa uchungu wenyewe. Sockers walitwaa ubingwa wa 1992, na kabla msimu mwingine haujaanza MISL ikavunjwa. Ilikuwa imebaki na timu saba tu, zilizotawanyika kutoka Baltimore hadi Tacoma. Wachezaji wa kulipwa, safari za ndege kuvuka bara zima, ukumbi wa kukodi: kiingilio cha mashabiki hakibebi mzigo huo pasipo fedha nono za televisheni. NASL, ligi ya soka ya Amerika Kaskazini walikoanzia, nayo ilikuwa imekwisha kufa baada ya msimu wa 1984. Kwa maoni yangu ubingwa wa kila mwaka wa timu moja haukuisaidia ligi hata kidogo, ingawa siwezi kuwalaumu walioshinda.

Wakahamia ligi nyingine, wakafunga 1996. Jina likafufuliwa 2001, likazimika tena 2004. Lilirudi 2009, na safari hii likashika: mabingwa mara nne mfululizo, na kati ya 2010 na 2013 walishinda mechi 48 bila kupoteza hata moja. Newman alifariki 2018. Ubingwa wa 2021 na wa 2022, katika ligi ya sasa ya MASL, umekuja yeye hayupo, lakini nikiwatazama vijana wa Sockers wakiutafuta ukuta kabla ya kumtafuta mwenzao, namwona Deyna.